Kompyuta Chini ya Kitambaa

Jumamosi jioni, Machi 2004

Bado inakataa. Tangu asubuhi nimekuwa nikiiandikia kompyuta ya chumba cha pampu anwani ya ile mita mpya ya kupimia maji ya tangi, namba kwa namba, na jibu ni lile lile: hakuna nafasi. Nimebadilisha waya mara mbili. Nimeizima na kuiwasha mpaka nikaona haya.

Saa tisa ndipo nikafungua kitabu cha mita. Kumbe inapokea kompyuta moja tu kwa wakati mmoja. Sasa ni nani yuko ndani?

Ni mimi mwenyewe. Mwezi jana niliiunganisha kompyuta ya meneja na mita hiyo kwa majaribio, nikasahau kuiondoa. Nikakimbia ofisini kwake. Imefungwa, meneja ameenda matangani huko Matuu na ufunguo, harudi mpaka Jumanne. Waya zote za mita pia zinapitia humo, siwezi kuichomoa kutoka nje. Nikachungulia dirishani. Sekretari ameifunika kompyuta vizuri na kitambaa cha kufuma, kama redio ya sebuleni, na chini ya maua ya kitambaa taa ya kijani inawaka.

Nikamweleza Mzee Kioko, anayetunza pampu. Hakucheka, na heri angecheka.

"Si neno, mwanangu. Hata kabla ya mita maji yalipimwa."

Akachukua fimbo yake ya kupimia, akaanza kupanda tangi na yale magoti yake yanayomuuma.

Mita hii niliiomba mimi, ili asipande tena. Leo kazi yangu yote imekuwa kumshikia ngazi.