Binti Yangu Ananihesabu Miongoni mwa Wageni

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla ya Jumamosi, maana siku hiyo natakiwa kusaini mkataba wa miaka miwili mingine hapa tunapojenga ghorofa, na mkono umekuwa mzito. Mimi ni kibarua wa zege, shule niliishia njiani, nyumbani naenda mara moja kwa mwaka. Binti yangu yuko darasa la pili, na kila Jumapili namsaidia masomo kwa simu, ndiyo raha yangu pekee. Juzi walifundishwa kutaja vitu vya watu wengi, nikamwambia, "Haya mama, nipe mifano ya hapo nyumbani." Akasema, "Viatu vya wazazi." Nikauliza wazazi gani, nikitaka anitaje, akajibu, "Mama na bibi." Akaendelea, "Vikombe vya wageni." "Wageni gani hao?" "Si wewe baba, na yule fundi bomba!" Nilifoka mpaka wenzangu wakageuka, nikamwita mjinga, akalia, na tangu siku hiyo nikipiga anakimbilia uani. Mke wangu anasema, "Mtoto ni mtoto, baba watoto, wewe saini, nyumba haijaisha kuezekwa." Msimamizi naye anasema wanaoitaka nafasi yangu wamejaa getini. Nikisaini nampoteza mtoto, nisiposaini watanyeshewa. Nifanyeje?

Kibarua wa Zege

Pole, ndugu yangu, lakini kwanza nikukaripie. Mtoto kapata somo lote, wewe ukamlipa matusi. Bila shaka ukifika mkeo anakutolea kikombe cha kabatini, kile cha wageni, kwa heshima. Binti yako anachokiona ni kwamba kabati hufunguliwa kwa mtu anayekuja na kuondoka. Hakukutukana. Ametoa mfano, tena sahihi.

Leo hii mpigie mkeo, aweke simu sauti ya juu, mtoto asikie hata akiwa uani ukikiri kwamba alipata, aliyekosa ni wewe. Usimpime tena, muulize amecheza nini. Jumamosi usisaini. Omba likizo ya mwezi kwanza, nenda ukaezeke mwenyewe, yeye akikupokeza misumari. Mabati yakitosha chumba kimoja, ezeka hicho hicho, mengine mtayapanga na mkeo mkiwa mnatazamana. Na msimamizi akikutisha kwamba ukiondoka mwingine atachukua nafasi yako, mwambie hata nyumbani nafasi yako imeanza kuchukuliwa, na ya huko ndiyo unayoiwahi.