Dawa Moja, Vinywa Vitatu

Jumatano jioni, Kakuyuni.

Mvua imenyesha tangu alfajiri. Sasa imepungua, imebaki ile ya kudondoka kwenye mabati bila haraka. Nimechoka, lakini si uchovu mbaya. Sare yangu nimeianika kwenye kamba humu chumbani na sidhani itakauka.

Leo nimetahiniwa na bibi wa watu, nyuma ya jiko la kituo.

Hii ni wiki ya pili tangu tuletwe kwenye kituo hiki cha afya. Tuko wanafunzi watatu: mimi wa uuguzi, Karisa wa utabibu, na Fauzia wa lishe. Kila mmoja ametoka chuo chake, na mwalimu wetu ameamua tuwahudumie wagonjwa pamoja, ati tujifunze kufanya kazi kama watu wa nyumba moja. Wiki ya kwanza tulikuwa nyumba ya watu walionuniana. Karisa akizungumza, mimi hutazama dirishani. Nikizungumza mimi, yeye hukumbuka kwamba kalamu yake imepotea. Fauzia, mtoto wa mji wa Malindi, mwenye adabu kutushinda sote, hungoja tumalize ndipo aseme lake.

Asubuhi aliletwa mtoto wa kiume, umri wa kutambaa, anaharisha tangu juzi. Macho yameingia ndani, na ngozi ya tumbo ukiifinya hairudi upesi. Lakini alikuwa bado anakunywa, na hilo lilitupa moyo. Mama yake ni msichana mkimya anayeitwa Kadzo. Alikuja na mavyaa wake, ambaye Karisa alimwamkia kwa Kigiriama na kumwita Hawe, yaani bibi. Mimi na Fauzia tukaiga.

Mtoto alihitaji maji yenye chumvi na sukari, kidogo kidogo, bila kuacha. Si jambo gumu. Nilimweleza Kadzo habari ya pakiti ya unga wa chumvi na sukari: unaichanganya na nusu lita ya maji yaliyochemshwa, basi. Nikaenda zangu kunawa mikono. Akaja Karisa na vijiko vyake: sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chumvi, lita moja ya maji. Alipoondoka, Fauzia akamwonyesha kwa mkono: sukari konzi, chumvi ya kubana kwa vidole. Kila mmoja alisema alivyofundishwa chuoni kwake. Kadzo aliitikia "ee" kwa kila mtu. Hatukujua kwamba Hawe, pale kwenye benchi, alikuwa akituweka wote kichwani.

Tuliporudi tulimkuta anafunga vitu vyao kwenye leso.

"Nyinyi wenyewe hamjapatana," alituambia, wala hakuwa na hasira. "Huyu pakiti, huyu kijiko, huyu vidole. Mtoto ni mmoja. Nimsikize nani? Bora twende zetu kwetu."

Niliogopa. Nilijua kabisa kwamba mtoto yule akipelekwa kwenye mvua ile, bila maji mwilini, huenda tusimwone tena. Mwalimu alikuwa amesimama mlangoni, nikamtazama atuokoe. Akasema tu, "Hawe, wape nafasi kidogo wazungumze." Akaondoka.

Tulikwenda barazani tukabishana kwa kunong'ona, kila mtu na chuo chake mdomoni. Mimi nilishikilia pakiti. Imepimwa, haina kubahatisha. Fauzia ndiye aliyeniuliza swali lililoninyamazisha: "Sasa dada, wakirudi kwao na pakiti zimekwisha, atafanyaje?"

Tukaafikiana vijiko, hapa kituoni na nyumbani kwao, vilivyosawazishwa juu visiwe na kilima. Lita tukaipima kwa chupa mbili za bia za nusu lita, maana chupa hizo hazikosekani mahali panapouzwa pombe ya mnazi. Fauzia alizishika kwa ncha za vidole kama mtu aliyeokota panya, na tukacheka pamoja kwa mara ya kwanza tangu tufahamiane.

Nilikubali. Lakini nilikubali huku nimevimbisha mashavu, na Karisa aliniona.

Tulidhani tutakwenda kumwambia Hawe sote, atupongeze, yaishe. Akakataa.

"Mkiwa pamoja mtaitikiana. Njooni mmoja mmoja."

Karisa alinieleza baadaye kwamba nyanya yake pia ana tabia hiyo. Watoto wakigombana humwita kila mmoja faraghani, kisha hulinganisha maneno. Basi Hawe akaenda nyuma ya jiko na leso yake kwapani. Akamwita Karisa. Akamwita Fauzia. Mimi nikawa wa mwisho.

Nakiri hapa, kwa kuwa hapa hapana wa kunicheka: neno pakiti lilikuwa kwenye ncha ya ulimi wangu. Nilijiambia kwamba ndilo sahihi, kwamba sikuja huku kuwa karani wa tabibu. Nilishafungua mdomo. Kisha nikamsikia mtoto ndani analia, kilio chembamba kisicho na nguvu.

"Vijiko sita vya chai vya sukari, Hawe. Chumvi nusu kijiko."

"Vijiko vya namna gani?"

"Vilivyosawazishwa."

"Na maji?"

"Yaliyochemshwa, yakapoa. Chupa mbili za bia."

Alinitazama mpaka nikajisikia kama niko uchi. Kisha akafungua leso yake, akasema, "Haya. Kijiko ki wapi?"

Nikakimbilia jikoni kukichukua.

Alimnywesha mjukuu wake mwenyewe, akipokezana na Kadzo, mchana kutwa. Alasiri mtoto akamkojolea Hawe pajani, dalili kwamba maji yameingia mwilini, naye akasimama akaitangazia wodi nzima kama anayetangaza harusi. Mwalimu alicheka hadi akatoa leso ya mfukoni. Sasa mtoto amelala, na macho yake yameanza kurudi mahali pake.

Ningeweza kuishia hapo na kulala kwa amani. Ila wakati wa kula, Karisa alisogeza sahani yake karibu na yangu, jambo ambalo hakuwa amepata kulifanya.

"Nilitaka kumwambia Hawe pakiti," akasema.

Nikamuuliza kwa nini, ilhali vijiko ni vyake.

"Nilikuona umenuna. Nikadhani utashikilia lako. Nikasema bora nami niseme lako, angalau tufanane, mtoto abaki." Akamega kipande cha sima. "Halafu nikafikiri, la. Huyu akinuna ananuna, lakini akikubali amekubali. Nikasema vijiko."

Sikuweza kumwambia jinsi nilivyokaribia kutaja pakiti na kumfanya mwongo, na mtoto aondoke. Aliniamini kuliko nilivyostahili, halafu akaomba nimsogezee mchicha.

Sijui nimekasirika au nimefurahi. Nadhani nimefurahi, na ninaona haya.

Yeye alikuwa tayari kutupa lake aseme langu. Je, mimi ningeweza hivyo, bila Fauzia kuninyamazisha, bila mtoto kulia?

Kesho asubuhi, kabla hatujaingia wodini, nitamwita barazani nimwambie ukweli. Akininunia, nitangoja anune amalize.