Hata Kama Micheri Imepukutika

Mjukuu wangu Wambui,

Nakusalimu kutoka mtaa wetu wa Bordesley Green huku ughaibuni, nikiwa bibi harusi wa miezi miwili mwenye furaha isiyofichika. Mama yako ni mzima na anakusalimu. Mume wangu Elijah amebandika ramani ya Japani jikoni, na kila asubuhi ananiuliza, "Mpenzi, leo tuko Tokyo au Kyoto?" Nacheka mpaka chai inamwagika.

Umeuliza kama si afadhali tuahirishe safari, kwa kuwa micheri, ile miti ya maua ya huko Osaka unakosomea, huenda ikapukutika kabla hatujafika. Ni kweli. Likizo ya kazini niliiomba mwaka jana, na maua hayakuulizwa.

Nilipokuwa msichana Kiambu, nilimwalika babu yako, Mungu amrehemu, aje aone kahawa ikichanua. Shamba huwa jeupe siku chache tu. Alisafiri kutoka Mombasa, lakini mvua ilimtangulia ikaangusha maua yote. Nilimpokea nikilia. Akaniangalia, akasema, "Kwani wewe ulidhani nimepanda basi kuja kutazama kahawa?" Tulitembea kwenye matope hadi jioni, tukicheka.

Nilipomsimulia Elijah, alisema, "Huyo mzee ningempenda." Nikajua nimeolewa vizuri mara mbili.

Kwa hiyo hatuahirishi. Siku tatu za Osaka ni zako. Njoo utupokee kituoni, uvae sweta, na usituombe radhi kwa ajili ya mti wowote.

Nyanya yako akupendaye