Udongo wa Kwetu

Jumanne, Area D

Eti "udongo wa kwetu"! Rehema kwao Moshi. Ule udongo mwekundu ananitumia mama yangu kutoka Kondoa, ndio anaokandikia nyumba. Mimi ndiye niliyemfundisha Rehema kuuchekecha, kuuchanganya na gundi na kuupaka kanvasi nzima kabla ya kuchora, ili ule weupe usimtishe.

Leo mbunge kanunua picha yake ya ng'ombe. Akauliza, "Dada, huu wekundu unaong'aa kwa chini umeutoa wapi?"

Rehema akajibu, "Ni udongo wa kwetu," hata hakunitazama.

Nina hasira mpaka sasa. Lakini wale ng'ombe wanatembea kweli.

Kanvasi yangu niliipaka siku moja na yake. Imekauka vizuri, nyekundu yote, na mpaka leo haina hata kwato moja.