Maua Yako Yamechanua, Dada

Dada Aikande,

Maua yako yamechanua. Nilitamani nikuandikie hilo tu, kisha niweke kalamu chini, ufurahi huko uliko. Lakini nina kinyaa, dada, kinyaa cha kutema mate, na hapa Guangzhou sina mwingine wa kumwambia.

Tangu tukusafirishe kwenda kuzikwa Machame, sikuwa nimetia mguu nyumbani kwenu pale mtaani Dengfeng. Jumapili iliyopita mumeo aliwaita wenzetu wa maombi kwenye ibada ya kukukumbuka, nikaenda. Kale kabustani kako nyuma ya jiko kamefurika. Waridi jekundu limepanda ukuta mpaka dirishani, na yale ya pinki ambayo wenyeji wanayaita dujuan yamechanua hadi majani hayaonekani. Nililia. Halafu nikamsikia shemeji akiwaambia wageni, "Haya yote niliyapanda mimi, kumfurahisha marehemu."

Yeye! Yeye aliyevipiga teke vyungu vyako akisema vinamzuia kupita na marobota yake ya jinzi. Yeye aliyeziba pua ukifukia vichwa vya samaki kwenye udongo, akakwambia mbele yangu, "Unanuka shombo, usinisogelee." Ukacheka tu, ukanawa mikono kwa ndimu. Sasa kainamisha pua hiyo hiyo kwenye waridi, kafumba macho, na watu wanamwambia, "Pole baba, ulimpenda kweli." Nilitoka nikatapika kwenye mtaro. Wakadhani ni huzuni.

Laiti ingeishia hapo. Juzi nilirudi kufuata sufuria zangu nilizopeleka siku ya ibada, nikamkuta na mkasi. Anakata waridi, anayafunga kwenye gazeti. Nikamuuliza anayapeleka wapi.

"Maua ni maua tu, shemeji. Yakibaki hapa yatanyauka bure."

Alikuwa amejipulizia manukato, dada. Na nguo zako bado zimo kabatini.

Jana Upendo alinifuata dukani kwangu, kule soko la Zhanxi. Hukumjua huyu, ni binti wa Mbeya, anasomea udaktari, alifika mjini baada ya wewe kuondoka. Alikuwa ameyashika maua yale yale, ameyatia kwenye kopo la maji. Akaniuliza kwa sauti ndogo, "Dada, ni kweli marehemu alichukia maua?"

Ndivyo mumeo alivyomwambia. Kwamba uliyachukia. Kwamba yeye maskini aliishi mpweke, mpenda bustani aliyeoa mpenda biashara.

Nilimshika mkono tukapanda basi hadi kwa mama mwenye nyumba wenu, yule bibi wa Kichina uliyekuwa ukichimba naye. Kichina cha Upendo kinapita changu, kwa hiyo nilimwacha aulize mwenyewe. Bibi alipiga magoti pale pale kwenye matope, akaonyesha ulivyokuwa ukipalilia, akajaribu hata kuimba ulivyokuwa ukiimba. Dada, alikosea maneno yote, lakini sauti ilikuwa yako. Kisha akayatazama mashina yaliyokatwa, akasema neno moja ambalo Upendo alikataa kunitafsiria.

Leo bibi ametia kufuli jipya kwenye mlango wa bustani. Ufunguo mmoja anao yeye, mwingine kanipa mimi. Shemeji amenipigia simu akifoka kwamba namwaibisha mbele za watu. Nikamjibu kwamba aibu kaitafuta mwenyewe, nikakata. Upendo naye hataki hata salamu yake.

Kinyaa hakijaisha. Kula nakula, lakini nikimkumbuka alivyofumba macho yale, naisukuma sahani pembeni.

Na Mama, huko nyumbani, bado anamwita "mkwe wangu wa dhahabu." Kwa simu siwezi. Nikija Krismasi nitakaa naye jikoni, tukiwa wawili tu, nimweleze yote. Atalia upya, najua. Afadhali akulilie wewe uliyekuwepo kweli kuliko yule mke aliyetungwa na mumeo. Hilo nakuahidi.

Kwaheri, dada yangu. Pumzika. Mtu yule hatakusemea tena.

Mdogo wako,
Ndeshi