Yaya, Mama Aliketi Kiti cha Mbele

Kwako Yaya, kaka yangu mkubwa, ambaye huko Beni wanakuita Nabii,

Hapa nyumbani Mususa, mjini Butembo, bado wewe ni Yaya tu, na Mama akikasirika anakuita lile jina la utotoni. Sitaliandika, kwa maana barua hii itasomwa na wengi na wewe una mabango barabarani. Nimeiandika wazi makusudi. Nikikutumia ujumbe kwa simu, anajibu katibu wako, tena ananiita "mpendwa wa Bwana". Mimi ni mdogo wako. Tumekula sahani moja, na nyama ulikuwa unanipokonya.

Unaikumbuka Jumapili ya mavuno? Papa, baba yetu, alikuwa shemasi, na turubai alilitandika yeye mwenyewe mbele ya mimbari. Kila nyumba ilikuja na chake, maharage, viazi, mahindi, na sharti lake lilikuwa kwamba vyote vimwagwe pamoja, ili aliyeleta gunia na aliyeleta kikombe wasijulikane. Baada ya ibada walioanza kuchota walikuwa wajane na wagonjwa, na hakuna aliyewauliza neno. Mwaka mmoja shamba letu lilizaa sana. Ukachukua makala, kaa la jikoni, ukaandika jina la familia yetu juu ya gunia, herufi kubwa, zimepinda kama miguu ya kuku. Papa akaliona mlangoni. Hakukupiga. Alimwaga maharage pamoja na ya wengine, akaligeuza gunia ndani nje, akakuuliza mbele ya watu wote:

"Mungu iko na lazima ya kusoma makala yako?"

Kanisa lilicheka, na mimi nilicheka kuliko wote. Ulininunia mpaka jioni.

Nakukumbusha hayo kwa sababu nimesikia kwamba kanisani kwako majina ya watoaji yanasomwa kwa mikrofoni, mkubwa kwanza, na watu wanapiga makofi kufuatana na ukubwa. Yaya, Papa angejificha wapi?

Lakini mimi si mtu wa kukusema vibaya tu. Najua ulivyokuwa. Wakati wa Ebola ulikuwa mhubiri kijana Mangina, huna hata viatu vya maana. Watu walikuwa wanakimbiana, mama anaogopa kumshika mtoto. Wewe hukuruhusiwa kuwakaribia wagonjwa, ukawa unasimama nje ya lupango, ule uzio wa kituo chao, kila asubuhi na kuwaimbia. Uliporudi kutusalimia ulikuwa umekonda, sauti imekauka, na Mama alikupikia sombe ya majani ya muhogo na kukutazama ukila. Siku ile nilijivunia wewe mpaka nikaona aibu.

Kisha ukaenda Beni. Mwanzo mlikuwa chini ya mabati matatu, na waliokuja walikuwa watu waliofiwa, waliokimbia mashamba yao kwa ajili ya waasi, wasiolala kwa hofu. Walikuja kutafuta neno la kuwashika mkono. Sijui ni siku gani neno hilo liliwekewa bei. Nilianza kuona chupa za mafuta zenye picha yako, kisha vitambaa, kisha maji. Jirani yangu hapa ninaposhona nguo alinunua chupa ili mwanawe aliyetekwa arudi. Mtoto hajarudi, na sasa mama huyo anaamini kosa ni lake, kwamba alinunua ile ndogo. Hilo ndilo linaloniuma. Sikatai mchungaji ale, hata mbuzi hula pale alipofungwa. Ila aliyefiwa si mteja, Yaya. Injili ilikuja kwetu bure, kwa miguu, juu ya milima hii yenye matope, na bado inatufaa ikija hivyo.

Sasa nikuambie jambo usilolijua. Mama alikuja kanisani kwako.

Hakutaka tukupigie simu kwanza. Alisema mtu hapigi hodi kwa mtoto wake. Alivaa kile kitenge chake cha Pasaka, akafunga kuku miguu, akapanda taksi ya Beni alfajiri. Alipoingia alikwenda moja kwa moja mbele, kwa sababu kwetu benchi la mbele ni la mabibi. Wewe mwenyewe ndivyo ulivyofundishwa, wao masikio yamechoka, wakae karibu na Neno. Akaketi kwenye kiti chekundu chenye mito, akafurahi, akadhani mtoto wake anawaheshimu wazee kweli kweli. Akaja binti wa protokole, wale wanaokalisha watu.

"Mama, kadi yako iko wapi?"

Mama akafungua mfuko akatoa kadi yake ya uchaguzi, kama anavyofanya kwenye barieri zote za askari barabarani.

"Hapana hii, Mama. Kadi ya kiti. Huku mbele ni ya bale banatoaka sadaka ya pekee."

Mama akaondoka bila kusema yeye ni nani. Aliketi nyuma kabisa. Baada ya ibada alitaka kukusalimia, akakuta foleni ya watu wenye namba, akamwachia mlinzi yule kuku na kurudi Butembo. Kwa hiyo ulimla kuku wa Mama bila kujua. Nilipomuuliza safari ilikuwaje, alivua viatu taratibu.

"Nilikaa karibu na mulango. Upepo ilikuwa muzuri," alisema. Kisha: "Lakini sikumusikia muzuri mutoto yangu. Mabafle ilikuwa na makelele."

Zaidi ya hivyo vipaza sauti hakulalamika. Mimi ndiye niliyelia, kwa hasira, na hasira hiyo ndiyo iliyotaka kuandika barua hii. Bahati nzuri sikuiandika siku ile.

Maana Jumapili ya mavuno ilifika tena, na kanisa letu dogo lilijaa. Tuna wageni wengi waliokimbia kutoka upande wa Mangina, wengine wamepanga vyumba kule Bulengera, wengine tumewapokea majumbani. Turubai likatandikwa. Mama mmoja wa hao wakimbizi alikuwa anachota viazi nikamshikia kapu, tukaongea, nikamtajia jina lako. Akaacha kuchota.

"Ni yaya yako? Wakati ya Ebola alituimbiaka inje ya lupango. Bwana yangu alikufa anasikia ile wimbo. Hakuogopa."

Hakujua habari za mabango wala chupa. Alijua sauti yako tu. Nilirudi nyumbani hasira imepungua nusu, nikajua yule kijana wa Mangina hajafa, yuko chini ya suti zile za kwenye mabango. Kitu kilichotolewa bure miaka yote hii bado kinamshikilia mjane. Hakuna mafuta uliyouza yatakayodumu hivyo.

Na juma lililopita ukapiga simu. Wewe mwenyewe, bila katibu. Niliweka sauti juu, nikampa Mama simu. Ukasema kwa sauti niliyokuwa sijaisikia tangu Mangina:

"Mama, miye minachoka sana. Uniombee."

Mama akanirudishia simu, akatoka. Nami kwa kubabaika nikaikata. Najua uliumia. Umetuma ujumbe mara mbili ukiuliza kama amekasirika, kama kuna mtu amemwambia mambo yako.

Hakukasirika, Yaya. Alikuwa uani, amelibeba peke yake, anaanika juani lile godoro lako la zamani.

Mdogo wako