Muhogo Usiosubiri Jua

Mwanza

Mdogo wangu Bakari, Baba Somoe,

"Mtu wa Newala wa kweli hapimwi kwa kabila wala kwa kadi ya chama, anapimwa kwa tumbo. Muhogo unaomlaza nguruwe mwitu, yeye anaula mchana na jioni yuko ngomani." Hayo ni maneno yako, ukurasa wa pili wa barua yako, na umeyapigia mstari kama mwalimu. Nimeyasoma mara tatu. Ni uongo, Bakari, tena uongo wa hatari, na kabla hujaimaliza barua hii utajua kwa nini nimeianza kwa ugomvi badala ya salamu.

Salamu nazo hizi hapa. Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Mimi ni mzima, isipokuwa kikohozi cha vumbi la karatasi ambacho nimekizoea. Kiwanda chetu cha chapa bado kinanguruma, ingawa tumekwisha kuambiwa kwamba kitauzwa kwa mtu binafsi. Katika chumba cha wasahihishaji tulikuwa tisa, sasa tuko wanne, na kila Jumatatu tunatazamana kuona ni nani hakurudi. Nilimwandikia meneja barua ya kurasa sita juu ya jambo hilo. Hajajibu, lakini siku hizi akiniona koridoni anageuza njia. Nyumbani je? Somoe anaendeleaje na shule? Shangazi macho yake vipi?

Sikatai kwamba barua yako ilinichekesha mwanzoni. Nilimsomea jirani yangu Mama Kulwa, mwanamke wa hukuhuku ziwani, naye alicheka mpaka akaweka chini ungo wa dagaa. Uliandika kwamba mtu wa Newala wa kweli akiambiwa mahali fulani ni "hapo tu", abebe chakula cha njiani. Kwamba anaoga kwa kopo moja, na kopo hilohilo linabakiza maji ya kunawa uso kesho, kwa kuwa maji yamepanda mlima kichwani mwa mkewe. Kwamba akikaribishwa chakula anakataa mara mbili kwa adabu, na mara ya tatu amekwisha kunawa. Kwamba anachuchumaa mbele ya shimo la panya, ananusa udongo, anakwambia kama mwenyeji yumo au ametoka. Na kwamba porini, mahali ambapo mgeni anaona nyasi zilizokauka, yeye anaona uzi mmoja wa mtambaa, anachimba, na anarudi na ming'oko, viazi vyetu vya mwitu, ya kuchemsha sufuria nzima.

Mama Kulwa akaniuliza kama ni kweli tunakula panya. Nikamwambia ni kweli, panya wa shambani anayekula mihogo na karanga zetu, tunambanika na kumkausha, na kwamba yeye anayekula samaki bila kujua samaki huyo amekula nini asinitazame hivyo. Tukacheka tena.

Kisha nikafika pale ulipoandika kwa mzaha uleule: "Wifi yako naye siku hizi anatembea kama mwali siku ya kutolewa nje. Anakanyaga kwa ncha za vidole, magoti yanasuguana. Wazee wanasema kakanyaga kitu. Mimi namwambia anaringa."

Mama Kulwa aliendelea kucheka. Mimi niliikunja barua.

Unamkumbuka Bi Atwaye? Huenda humkumbuki, ulikuwa bado mgongoni kwa mama. Aliishi nyumba ya tatu kutoka kwetu, upande wa mikorosho ya zamani. Mwaka mmoja mvua ilikatika mapema, ghala zikaisha, watu wakabaki na muhogo mchungu tu, ule tunaoupanda kwa sababu nguruwe na nyani hawaugusi. Bi Atwaye alilala mzima. Alfajiri alitaka kuinuka akachote maji, miguu ikakataa. Haikuuma, haikuvimba. Ilikakamaa tu kama miti. Baada ya wiki kadhaa akawa anatembea kwa fimbo, visigino havigusi ardhi, magoti yanakatana kama mkasi. Na sisi watoto tulimfuata nyuma tukimwigiza. Mimi ndiye niliyekuwa hodari kuliko wote. Watu wazima walisema ametegwa na mke mwenzake, na yule mke mwenzake akahamishwa kijiji. Bi Atwaye alitembea hivyo hadi alipokufa.

Hivyo ndivyo ulivyomwelezea mkeo, Bakari. Kwa maneno yaleyale, na kwa kicheko kilekile.

Sasa turudi kwenye hoja yako. Unasema mababu zetu walikula muhogo mchungu na hawakudhurika, basi matumbo yetu ni ya chuma. Walikula, ndiyo. Lakini waliulaje? Wewe umeona chakula tu, hukuona kazi. Marehemu mama alimenya, akaanika juani, akageuza, akaanua jioni, akaanika tena, wiki tatu, wakati mwingine nne, mpaka kopa, kipande cha muhogo mkavu, likipigwa na jingine linalia kama kigae. Alipokuwa na haraka aliuvundika kwanza chini ya majani mpaka ukaota ukungu, ndipo akaukwangua na kuuanika. Aliyekuwa na tumbo la chuma hakuwa mama. Jua ndilo lililokuwa la chuma, naye alijua kulisubiri. Mtu wa Newala wa kweli, kama lazima awe na alama, alama yake ni subira hiyo.

Na makopa hayo ya wiki nne leo yako wapi? Nilikuja likizo mwaka jana nikayaona kwa macho yangu. Tangu milango ya biashara ifunguliwe, malori yanapanda mlima kutoka Masasi, mnunuzi anashuka, anavunja kopa moja kwa meno, likilia anapakia, likiwa bichi analitupa. Mbaazi zinapanda lori hilohilo. Mimi si mtu wa kulilia maduka ya ushirika yaliyokuwa na rafu tupu, na wewe unajua niliyoyaandika gazetini wakati ule. Lakini soko lililofunguliwa limewafundisha jambo la ajabu: muhogo uliokauka vizuri, ulio salama, ni wa kuuza, na ule ambao mnunuzi ameukataa ndio wa watoto. Unatwangwa mbichi asubuhi, unatandazwa juani, unatwangwa tena, jua likishuka ni unga, usiku ni ugali. Chinyanya, mnauita. Siku moja! Kazi ya wiki nne mmeipa siku moja, kisha mnajipongeza kwa ugumu wa matumbo.

Na ugali huo mnaula na nini? Somoe aliniambia mmeacha kutega panya, kwa kuwa vijana waliotoka Dar es Salaam wanawacheka. Mbaazi zimeuzwa. Kunde hazikuota. Mnakula ugali wa muhogo kwa maji ya chumvi na majani ya muhogo uleule. Wewe unayejisifia panya kwenye barua humpikii mkeo panya. Ming'oko inachimbwa kwa ajili ya kuuza stendi. Umebaki na alama moja tu ya mtu wa Newala, nayo ndiyo iliyo na sumu.

Nakuja kwenye jambo ambalo sikukwambia. Siku ya tatu ya likizo yangu, mchana, wifi aliniwekea ugali. Niliona unga ukianikwa asubuhi ya siku ileile, nikamuuliza mbona hakuusubiri. Hakukasirika. Alijifuta mikono kwenye kanga akaniambia kwa sauti ya chini, "Wifi, kusubiri wiki nne ni kwa mwenye kitu cha kula katika hizo wiki nne." Halafu, labda kwa kuona uso wangu, akaleta utani: "Au umekuwa mtu wa Mwanza? Tumbo limekuwa la sangara?"

Wewe ulikuwepo, Bakari. Ulipiga makofi ukasema, "Tumuone kama bado ni wetu."

Nikala. Mimi ninayewabishia mameneja na wakuu wa wilaya, nilishindwa kusukuma sahani kando. Nilikula tonge baada ya tonge ili nisiitwe mgeni nyumbani kwa baba yangu. Kabla ya alasiri kichwa kilianza kuzunguka, moyo ukaenda mbio, nikaaga kwamba nakwenda msalani, na nyuma ya choo nikatapika mpaka nikashika ukuta. Nilinawa kwa lile kopo moja. Nilirudi nikaketi. Ulipouliza, nilisema nilikuwa natazama mikorosho ya baba. Mkaamini, mkanisifu. Na kesho yake wifi akatwanga tena, kwa sababu mgeni wake alikula akashiba na hakulalamika.

Juzi nilikwenda na barua yako kwa mganga wa zahanati ya mtaa wetu, mtu mtaratibu asiyependa maneno mengi. Hakuuliza nani ana ugomvi na nani. Aliuliza muhogo gani, umekaa juani siku ngapi, na wanakula na mboga gani. Nilipomjibu aliweka kalamu chini, akasema ni sumu ya muhogo usiokaushwa, nayo hushika miguu ya asiyepata nyama wala kunde za kuulia. Kisha akauliza watoto wangapi wanakula chungu hichohicho. Nilipomuuliza kama miguu itarudi, alisema, "Iliyokwisha kukakamaa hairudi kama ilivyokuwa. Lakini akiendelea kula, yanaweza kumpata tena, na safari hiyo huenda yakachukua hata mikono na ulimi." Mama Kulwa tulikuwa naye. Tuliporudi alinipitisha kwake, akanionyesha kapu lake la muhogo unaovunda, ukinuka kama kifo, akasema kwao mtoto wa miaka saba anajua kwamba usionuka hivyo hauliwi. Niliona aibu. Kwetu mtoto wa miaka saba alilijua jambo hilo pia, kwa njia yetu ya jua. Sisi wakubwa ndio tuliolisahau, na badala yake tukatunga kichekesho.

Nisalimie shangazi aliyetulea, mwambie dawa ya macho nitaituma kwa mtu atakayekuja. Msalimie baba mdogo, fundi wa baiskeli, na umwambie baiskeli yake itahitajika. Kwa mzee wa msikiti salamu zangu kwa heshima, na aambiwe asimruhusu mtu yeyote kutaja jina la jirani katika habari ya miguu ya mke wa Bakari. Mke mwenza wa Bi Atwaye alihamishwa bure. Nisione mwingine.

Wewe Bakari nataka haya. Siku barua hii ikifika, chukua unga wote uliotwangwa kwa siku moja, uzike, usiwape hata kuku. Mpakie mkeo, shuka naye Masasi, mpeleke hospitali ya Mkomaindo, ukawaeleze chakula mlichokula bila kuficha na bila kuchekesha. Makopa uliyoyaweka kwa ajili ya lori, yafungue yaliwe nyumbani, na mbaazi zilizobaki zisipande gari lolote. Tega panya. Atakayecheka, mwambie aje kula kwanza.

Na wewe Mama Somoe, wifi yangu. Nimetaka sehemu hii usomewe na Somoe, maana baba yake ataruka mistari. Huringi, na hukukanyaga kitu cha mtu. Umelishwa haraka, na mimi nilikuwa na mdomo wa kusema nikautumia kula. Anika muhogo wako, wifi. Geuza. Subiri mpaka ulie. Wakikuambia umekuwa mtu wa mjini kwa sababu unasubiri jua, wasomee barua hii uani watu wakiwa wamejaa, wajue kwamba Esha binti wa baba yao alikula muhogo wa siku moja, akatapika nyuma ya choo, akanyamaza. Mimi nilinyamaza siku moja tu, wifi, na ona. Wewe usinyamaze hata siku hiyo moja. Somoe asile tonge hilo tena, hata kama mgeni anatazama.

Ni mimi dada yenu na wifi yako,
Esha